Figo ya Kaka, Uvimbe Wangu

Kwa muda mrefu nililaumu joto. Garissa ukisema umechoka unaambiwa unywe maji. Ukisema umeamka na shuka limelowa jasho watu wanakucheka, maana ni nani hapa anayeamka na shuka kavu kabla mvua haijafika? Nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule ya wasichana, na vipindi vya mchana nilianza kuvifundisha nikiwa nimeketi. Wasichana walifurahi, wakadhani mwalimu wao mkali ameanza kulainika. Kilicholainika ni miguu.

Kisha nguo zikawa kubwa. Mwalimu wa dini, mama mcheshi ambaye hakuwa na mambo ya kunong'ona, aliniuliza katikati ya chumba cha walimu kama mume wangu amegombana na muuza nyama. Walimu walicheka, nami nikacheka. Niliporudi nyumbani nilikunja marinda ya sketi kiunoni, nikatia pini, maisha yakaendelea.

Uvimbe niliugusa asubuhi moja nikifunga mtandio kabla ya kwenda kazini. Ulikuwa chini ya taya, upande wa kushoto, mgumu kama kokwa ya tende, na haukuuma. Niliusukuma, ukasogea kidogo, ukarudi. Nikafunga mtandio juu yake nikaenda shuleni. Siku ile nilisahihisha insha kuhusu ukame hadi kengele ya mwisho, na sikukumbuka hata moja niliyoisoma.

Mtu mwingine angeweza kungoja uvimbe kama ule uishe wenyewe. Mimi sikuwa na ruhusa hiyo, na sababu yake ni figo ya kaka yangu.

Figo zangu mwenyewe zilikufa miaka mingi kabla ya hapo. Presha ilinipanda katika mimba yangu ya mwisho, mtoto akazaliwa salama, lakini presha haikushuka tena. Ilipofika siku ya kuambiwa ukweli, figo zote mbili zilikuwa zimekwisha. Nikawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu hapa hapa Garissa. Baada ya kila kikao nilikuwa narudi nyumbani nimelegea, nalala ukumbini juu ya mkeka, na watoto wangu wakajifunza kupita pembeni kimyakimya kana kwamba mle ndani kuna msiba.

Kaka yangu ni mkubwa wangu, mfugaji wa ngamia upande wa Tarbaj, kule Wajir. Hakuwa amewahi kulala hospitali hata siku moja. Madaktari walipotaka ndugu wapimwe, alikuja na kikoi chake na fimbo yake, akatoa damu, akaambiwa yake inalingana na yangu. Mama alilia. Kaka akamwambia, "Hooyo, Mungu aliniumba na ya akiba. Mimi nilidhani akiba ni yangu." Wakatupeleka Nairobi, tukapasuliwa yeye chumba kile na mimi chumba hiki, na nilipozinduka muuguzi aliniambia kwamba mkojo unatoka. Hakuna salamu niliyowahi kupewa iliyo tamu kama ile.

Lakini mwili haupendi cha mtu, hata awe ndugu wa baba na mama. Ukipewa figo unapewa pamoja nayo dawa za kuishusha kinga ya mwili, ili mwili usiitambue figo kuwa mgeni ukaishambulia. Ni za asubuhi na jioni, maisha yote. Zangu nilizihifadhi katika kikapu kilichofunikwa, kando ya mtungi wa maji, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na ubaridi kuliko kwingine nyumbani. Nilizoea kuvaa barakoa arusini na kukaa mbali na mwenye kikohozi. Jambo gumu kuliko yote lilikuwa kukataa maziwa mabichi ya ngamia mbele ya wageni. Hapa kwetu ukikataa maziwa mtu anakutazama kama umekataa salamu.

Siku tuliyotoka hospitali, daktari wa figo alitueleza hatari za dawa hizo. Alitaja maambukizi, sukari na jua. Alitaja pia kwamba zikitumiwa miaka mingi huongeza uwezekano wa saratani, za ngozi na za damu. Nililisikia neno hilo kama mtu wa Garissa anavyosikia kwenye redio kwamba Kericho kunanyesha. Wakati ule nilikuwa na figo inayofanya kazi, na kwangu hiyo ilikuwa habari pekee.

Basi jioni ile ya uvimbe nilikwenda kwenye kliniki iliyo karibu na nyumbani. Tabibu alinipapasa shingo kwa utulivu, akapapasa na kwapa. Akapata uvimbe mwingine ambao mimi sikuujua.

"Mwalimu, huku kwetu tezi zikivimba hivi, jambo la kwanza tunalofikiria ni kifua kikuu," alisema. "Lakini wewe una figo ya kupandikizwa. Sitaki kukuanzishia dawa yoyote kabla ya daktari wako kusema."

Tukapiga simu pale pale. Daktari wa figo, mama mmoja wa Nairobi mwenye sauti ya chini, alisikiliza bila kunikatiza. Aliuliza kuhusu uzito. Aliuliza kuhusu jasho. Nikamwambia, "Daktari, Garissa ni jasho tu." Akasema, "Njoo wiki hii. Usingoje kliniki yako ya kawaida."

Mume wangu alitaka tuandamane. Nikamwomba abaki na watoto, kwa kuwa walikuwa na mitihani na mama yangu, anayeishi nasi, magoti yalikuwa yakimsumbua. Nilipanda basi peke yangu. Pale daraja la Tana, kama kawaida, abiria wote walishuka kuonyesha vitambulisho. Nilisimama kwenye foleni juani, nimejitanda mtandio hadi puani, mkoba wa dawa kifuani. Askari alitazama picha yangu, akanitazama mimi, akatazama picha tena.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi. Nimekonda."

Akanirudishia kitambulisho. Niliporudi kwenye kiti changu nilikuwa nimechoka kana kwamba nimetembea kutoka nyumbani hadi pale kwa miguu. Nililala kuanzia Mwingi hadi Thika.

Nairobi nilikaa Eastleigh kwa habaryar, mama yangu mdogo, katika nyumba ya ghorofani inayosikia kila mwadhini wa mtaa. Walinikata kipande kidogo cha uvimbe shingoni, wakakipeleka maabara. Kisha ikawa kungoja. Habaryar alinipikia supu ya mbuzi kila siku na hakuuliza chochote, na kwa kutouliza nikajua kwamba mama amekwisha kumpigia simu.

Daktari aliniita asubuhi. Alifunga mlango, akavuta kiti akaja kukaa upande wangu wa meza.

"Mwalimu, si kifua kikuu. Ni limfoma. Ni saratani ya damu, ila hii haianzii kwenye mifupa, inaanzia kwenye tezi."

Niliuliza swali ambalo nadhani kila mtu huuliza. "Imetoka wapi?"

"Kuna kirusi ambacho karibu kila mtu amekibeba tangu utotoni. Kimelala, na kinacholinda kisiamke ni kinga ya mwili. Sisi tumekuwa tukiishusha kinga yako miaka yote hii ili figo iishi. Kwa wagonjwa wachache, kirusi hicho kinapata nafasi, na chembe za damu zinaanza kuzaana ovyo."

"Kwa hiyo ni dawa zangu."

"Dawa zimechangia, ndiyo." Hakuangalia pembeni. "Na bila dawa hizo figo ingekataliwa mapema. Kama ningerudishwa siku ile ya kwanza, ningekuandikia tena zile zile."

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Angeweza kuniambia ni kadari tu, na mimi ningeitikia amina.

Akanieleza matibabu. Kwanza wangepunguza dawa: moja wangeikata kabisa, nyingine wangeishusha, ili kinga iinuke na ipigane yenyewe. Halafu kungekuwa na dawa ya dripu ya kuziua zile chembe. Watu wengi hupata nafuu, alisema, hasa wakiwahi.

"Na figo?"

"Kinga ikiinuka, haitachagua. Inaweza kuivamia figo pia. Inaweza isiivamie. Siwezi kukuahidi."

Nimesoma maandishi ya watu wanaosema walipoambiwa wana saratani dunia ilisimama. Yangu haikusimama. Nje mtu alikuwa akisukuma toroli lenye gurudumu linalolia. Nilichohisi ni uchovu. Nilikuwa nimefanya kila nilichoambiwa, sikukosa kidonge, sikukosa kliniki, sikuonja maziwa yasiyochemshwa, na utiifu huo huo ndio ulionifikisha pale. Sikuwa na hata mtu wa kumkasirikia. Na chini ya uchovu huo kulikuwa na aibu, kwamba nitamwambiaje kaka yangu kuwa kitu alichokatwa ubavu kunipa, sasa naambiwa nikiweke hatarini ili mimi nibaki?

Nilimpigia mama. Nikasikia tasbihi yake ikigonga simu.

"Hooyo, usimwambie kaka yako," alisema. Ndivyo mama zetu wanavyotuita, kwa jina lao wenyewe. "Mtu hakupi kiungo cha mwili wake ukamwambia unakiachia. Atatii, atasema alhamdulillahi, na itamkaa moyoni."

"Nikimficha si itamkaa zaidi?"

"Ngoja kwanza uone. Pengine Mungu ataiacha hiyo figo."

Nilimtii mama kwa siku chache. Kisha kaka akapiga simu mwenyewe. Kule aliko mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, kwa hiyo ukisikia upepo unavuma kwenye simu unajua amepanda. Aliuliza habari za watoto, habari za mume wangu, habari za mvua. Nikajibu njema, njema, bado.

"Abaayo, uko wapi?" aliuliza. Dada, uko wapi.

"Niko Eastleigh, kwa habaryar."

"Huendi Nairobi mwezi huu. Kliniki yako ni mwezi ujao."

Sikujua kwamba alikuwa akifuata kliniki zangu. Upepo ukaendelea kuvuma.

"Basi nakuja," akasema, na simu ikakatika.

Alifika akiwa na vumbi la Wajir hadi kwenye kope. Mkononi alibeba kidumu cha maziwa ya ngamia. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Yamechemshwa. Yamechemshwa mbele ya macho yangu hadi yakakasirika." Habaryar akacheka, ndicho kicheko cha kwanza mle ndani tangu nifike. Aliyamimina kwenye vikombe. Yalikuwa na ladha ya moshi. Nilikunywa yote.

Nilimweleza palepale, kwa Kisomali, mambo yote kama daktari alivyonieleza. Sikulia. Nilieleza kama ninavyoeleza ngeli za nomino kwa kidato cha kwanza, polepole, hatua kwa hatua, na nilipofika kwenye figo sauti ikanitoka nyembamba, nikaacha.

Kaka alizungusha kikombe mkononi.

"Ngamia akifiwa na ndama," alisema, "na sisi tunataka amnyonyeshe ndama wa ngamia mwingine, tunamziba pua kwa matambara asinuse kwamba huyu si wake. Anamkubali. Ndama anaishi. Lakini aliyezibwa pua hamnusi hata fisi."

"Ndiyo hivyo, aboowe, kaka yangu."

"Sasa wanataka kukuzibua."

"Ndiyo."

"Akizibuliwa, wengine wanampiga teke yule ndama. Wengine wamekwisha kumzoea." Akanywa. "Na ukibaki umezibwa, fisi anakula mama na ndama."

Nilimwambia kwamba mama hakutaka ajue. Akatikisa kichwa, si kwa hasira.

"Mama anadhani nilikupa figo ili uniwekee," akasema. "Mimi nilikupa ili watoto wako wasilelewe na shangazi. Wamekua. Mkubwa ananipita urefu. Imefanya kazi yake; nitaidai nini tena?"

Hapo ndipo nililia, na habaryar akatoka akaenda jikoni kugongagonga sufuria zisizohitaji kugongwa.

Kesho yake tulienda kwa daktari pamoja. Kaka Kiswahili chake ni cha sokoni, na kila p kwake ni b. Alikaa wima kama mtu aliye mbele ya kadhi. "Daktari," alisema, "mimi iko na neno moja tu. Hii dawa, bunguza. Figo ni yake, si yangu. Bunguza." Daktari akamtazama, akaniangalia mimi, akainamisha kichwa kuandika. Kalamu ilichukua muda kuanza.

Miezi iliyofuata imechanganyika kichwani mwangu. Nakumbuka dripu ya kwanza, jinsi nilivyotetemeka meno yakagongana mpaka muuguzi akaja kuipunguza kasi, akaniwekea blanketi, mimi mtu wa Garissa, nikiomba blanketi la pili. Nakumbuka basi, daraja, foleni ya vitambulisho, Eastleigh, na safari ya kurudi. Mwalimu mkuu alinipunguzia vipindi nikabaki na madarasa machache, na wasichana wakaacha kelele bila kuambiwa. Hilo liliniumiza kuliko kelele. Nyumbani mume wangu alijifunza kusuka nywele za binti yetu mdogo, vibaya sana, na binti akaenda shule hivyohivyo akiwa amefunika kichwa, asitake mtu amrekebishe baba.

Uvimbe ulianza kurudi nyuma. Nilikuwa naupapasa kila nilipofunga mtandio. Kokwa ya tende ikawa punje ya mahindi, kisha ikawa kitu ambacho sikujua kama nakigusa kweli au nakikumbuka. Lakini kipimo cha figo kilikuwa kinapanda, maana yake figo inashindwa. Kila nilipokwenda kliniki, daktari alikuwa na habari mbili, na nilijifunza kumtazama usoni nijue ataanza na ipi.

Kabla maabara haijasema mwisho wake, mimi nilijua. Vifundo vya miguu vilivimba, chai ikaanza kuwa na ladha ya chuma. Aliyewahi kupitia mashine haisahau ladha hiyo. Nilimuuliza daktari kama tunaweza kurudisha dawa kidogo tu, za kuiokoa.

"Mwalimu, tukizirudisha sasa tunaweza kuurudisha na ugonjwa," alisema. "Bado ni mapema mno."

Sikumbishia. Nilikuwa sina nguvu za kubishana, na pia alikuwa anasema kweli.

Waliponipiga skani ya mwisho hawakuona saratani mahali popote. Daktari alitabasamu, akanishika mkono, na mimi nikasema alhamdulillahi, nikaisema kwa moyo. Wiki hiyo hiyo figo iliacha kazi. Sijui watu wengine hushukuru vipi na kuomboleza vipi kwa pamoja. Mimi nilikwenda kulala.

Nilirudishwa kwenye mashine Garissa. Mshipa waliouunganisha mkononi mwangu miaka ile ulikuwa bado unanguruma chini ya ngozi. Nilikuwa nimeutazama muda wote ule kama kovu. Muuguzi aliuwekea sikio, akasema, "Huu uko tayari." Akachoma sindano.

Kaka nilimpigia mimi. Ilibidi nijaribu mara nyingi hadi nikampata juu ya kichuguu chake.

"Aboowe, imesimama," nikamwambia.

Upepo ulivuma. Ngamia alilia mahali fulani nyuma yake.

"Na ile nyingine? Saratani?"

"Hawaioni."

"Alhamdulillahi." Kisha akauliza, "Figo wataitoa?"

"Daktari anasema kama haisumbui wanaiacha humohumo."

"Iache ipumzike," akasema. "Imechoka. Na wewe pumzika." Akaanza kunieleza kwamba mvua imenyesha upande wa mashariki na watahama, kwa hiyo nisishangae nikimkosa kwenye simu. Mama, aliyekuwa ameketi karibu yangu akisikiliza, aliomba apewe simu. Akamwambia mwanawe maneno mengi ya dua, na mwishoni akasema kwa sauti ndogo kwamba alikosea kutaka afichwe. Sikusikia kaka alijibu nini. Mama alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya shashi yake ya kichwani.

Garissa habari haifungiwi mlango. Ilipojulikana kwamba dawa za figo zilimtia mwalimu saratani, simu zilianza. Mwenye duka mmoja wa Takaba, kule Mandera, aliyepewa figo na mjomba wake, alinipigia akiwa na hofu.

"Mwalimu, nimeacha vidonge tangu juzi. Sitaki yaliyokupata."

Sijawahi kumpigia mtu mzima kelele kama siku ile. "Umepata uvimbe? Una homa? Umekonda?"

"Hapana. Mimi niko sawa kabisa."

"Basi unaiua figo ya mjomba wako ukiwa sawa kabisa! Meza leo, halafu mpigie daktari wako umwambie. Yaliyonipata mimi huwapata wachache, na anayeacha dawa peke yake figo haimngoji."

Nikasikia wateja wakiuliza bei ya sukari. "Nimeze sasa hivi?" akauliza.

"Meza nikisikia."

Alimeza. Kesho yake alituma ujumbe kwamba daktari wake amemkaripia zaidi yangu. Tangu hapo hunitumia salamu kila Ijumaa.

Sasa maisha yangu yako hivi. Nafundisha nusu ya vipindi nilivyokuwa navyo. Siku za mashine naondoka nyumbani asubuhi kwa tuktuk, kabla jua halijakaza, na narudi baada ya adhuhuri nimekamuka. Kila baada ya miezi kadhaa napanda basi kwenda Nairobi kupapaswa shingo. Nimeuliza kama naweza kupandikizwa figo nyingine siku moja. Daktari alisema inawezekana, baada ya miaka ya kuangalia kama saratani imelala kabisa. Binti yangu mkubwa alisikia, akanitazama kwa namna ninayoijua, ya mtu anayetaka kutoa yake, nikamwambia aende akasome.

Pale kwenye mashine, kitanda cha pili kutoka changu hulala mama mmoja muuza vitambaa. Mwanawe ameamua kumpa figo, na yeye kila siku anatafuta sababu ya kukataa. Juzi aliniuliza waziwazi, mashine zetu zote mbili zikizunguka.

"Mwalimu, kama ungerudishwa nyuma, ungeipokea?"

Nilimwambia ningeipokea. Nilimwambia niliishi miaka ile kama mtu mwenye mwili wake, nilifunga safari, nilipika, nilicheza buraanbur, ngoma ya wanawake wetu, kwenye arusi ya mpwa wangu hadi nikapoteza kiatu. Halafu nikamwambia na mengine yote, ya kirusi kinacholala na damu inayozaana ovyo, kwa sababu mtu asiyeambiwa hilo hajaulizwa ridhaa. Nikamwonyesha mahali pa kupapasa: chini ya taya, juu ya mfupa wa bega, kwapani, kwenye mapaja. Nikamwambia ajifunze kutofautisha jasho la Garissa na jasho la ugonjwa, na akishindwa asione haya kuuliza.

Alijipapasa shingo papo hapo kwa mkono usio na sindano, polepole, uso wake umeelekea dari. Baadaye alimwita muuguzi amsogezee simu. Nilimsikia akimwambia mwanawe aje siku atakayokuja daktari, na aje na maswali. Mimi nilifumba macho. Mashine ilikuwa imebakiza saa nzima na zaidi, na nilikuwa na usingizi.